Mkono unajuaje pa kupita? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kila mada ya mwendo wa mkono ikitajwa. Wanaouliza ni wanafunzi wa fiziotherapia, watu wa roboti, walimu wa darasa la kwanza, na wengine ni watu tu waliojikuta wanauangalia mkono wao wakaanza kushangaa. Majibu mengine ni marefu sana na mengine mafupi manake maswali hayalingani uzito. Ruka unachokijua.

Kwani kuna nini cha kueleza, si unataka kikombe mkono unaenda?

Ndo hivyo kila mtu anavyodhani mpaka ajaribu kutengeneza roboti. Angalia hivi, bega linazunguka, kiwiko nacho kinazunguka, na kitu kinachozunguka kikiachwa peke yake kinachora upinde, hakina namna nyingine. Bana kiwiko ubavuni alafu sogeza kigasha tu, yaani kile kipande cha kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, utaona ncha ya kidole inapita kwenye sehemu ya duara. Sasa achia, nyoosha mkono uchukue kikombe cha chai mezani kama kawaida. Kidole kimepita karibu mstari mnyoofu. Maana yake bega na kiwiko vimezunguka pamoja kwa uwiano unaobadilika muda wote wa safari, pinde mbili zikafutana ukatoka mstari. Kuna mapito mengine, mfano kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya kifua, ambapo kiwiko kinaanza kwa kukunjika alafu katikati ya safari kinageuza kinaanza kukunjuka, na wewe mwenye mkono huna habari kabisa.

Mtaliano Pietro Morasso ndo aliyeliweka hili wazi mwaka 1981. Aliwapa watu mpini wausogeze kutoka taa moja hadi nyingine juu ya meza. Ukiangalia pembe za viungo unaona fujo, kila safari na grafu yake. Ukiangalia mkono wenyewe unaona mstari karibu mnyoofu na kasi inayopanda na kushuka kwa umbo moja kila safari. Fujo iko kwenye viungo, utaratibu uko kwenye kiganja.

Kwa hiyo ubongo unapanga safari ya kiganja, viungo vinafuata tu?

Hapo ndo watu wamebishana miaka na miaka. Matokeo ya Morasso yanaelekea huko, manake kama ubongo ungekuwa unapanga pembe za viungo tu, tungetegemea pembe ndo ziwe na utaratibu na kiganja ndo kiwe na njia za ajabu ajabu.

Kuna jaribio zuri la 1995 la Daniel Wolpert na wenzake, mtu anasogeza mkono ambao hauoni, anachoona ni alama tu inayowakilisha mkono wake, alafu kompyuta inachezea ile alama ili njia ionekane imepinda wakati mkono halisi umenyooka. Watu wakaanza kuupinda mkono wao wa kweli upande wa pili, sio kwa kiasi chote lakini kwa kuelekea huko, ili ile alama ionekane inakwenda sawa, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kwa hiyo unyoofu unaoonekana kwa macho una thamani yake ndani ya ubongo.

Jaribio lingine ambalo lazima ulijue ni la Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi, 1994, pale chuo kikuu cha MIT huko Marekani. Unashika mpini wa roboti, unaambiwa peleka pale. Ukianza tu kusogea roboti inakusukuma pembeni, na kadri unavyokwenda kasi ndivyo inavyosukuma zaidi. Mwanzoni njia inakuwa kama ndoano, unasukumwa nje alafu unajirudisha kwenye shabaha. Baada ya kurudia mara nyingi sana njia inanyooka tena, karibu sawa na ile ya siku zote. Kumbuka hakuna aliyekudai unyooshe, ulitakiwa kufika tu! Alafu roboti ikizimwa kimya kimya bila kukuambia, mkono unapinda upande wa pili. Hiyo ndo sehemu tamu ya jaribio lote, inaonyesha hukuwa umekaza misuli ili usisukumwe, ulikuwa umeshajifunza ile nguvu yenyewe na unaipinga kabla haijaja, na ilipoondolewa ukabaki unapigana na kitu ambacho hakipo.

Mwaka huo huo James Lackner na Paul DiZio walifanya kitu kinachofanana kwa kumkalisha mtu kwenye chumba kinachozunguka mara 10 kwa dakika. Chumba kilianzishwa polepole mpaka mtu hahisi kuzunguka, akinyoosha mkono unapeperushwa pembeni na hata haelewi umesukumwa na nini. Baada ya kunyoosha mara kadhaa njia inanyooka. Chumba kikisimama, inapinda upande mwingine. Ni yale yale.

Mbona kasi inapanda na kushuka taratibu, kwanini mkono usichomoke tu na kusimama?

Chora grafu ya kasi ya mkono unaotoka sehemu moja hadi nyingine. Inaanza sifuri, inapanda, inafika kilele karibu na katikati, inashuka mpaka sifuri. Umbo la kengele. Uende polepole au haraka, ubebe mzigo mdogo au uende mtupu, kengele ni ile ile, inarefushwa au inafupishwa tu.

Tamar Flash na Neville Hogan mwaka 1985 walikuja na hesabu inayosema ubongo unachagua njia laini kuliko zote, ile ambayo mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka au kupungua, haubadiliki kwa ghafla. Ukiipiga hesabu hiyo inakutolea mstari mnyoofu na kengele, tena inatabiri kasi ya kilele iwe mara 1.875 ya kasi ya wastani, na mikono ya kweli inaangukia jirani na hapo. Ni hesabu safi sana, ila mimi huwa naichukua kama maelezo ya umbo na sio sababu, manake ukiuliza ubongo unanufaika nini na huo ulaini, yenyewe haina jibu. Wajapani Yoji Uno, Mitsuo Kawato na Ryoji Suzuki mwaka 1989 wakasema hapana, kinachopunguzwa ni mabadiliko ya nguvu za kuzungusha viungo. Hapo uzito wa mkono na urefu wa mifupa vinaingia kwenye hesabu, na wao wakaweza kueleza kwanini safari nyingine zinatoka zimepinda kidogo.

Alafu 1998 Christopher Harris na huyo huyo Wolpert wakaleta jibu ambalo kwangu ndo limekaa sawa. Amri inayotoka kwenye neva kwenda kwenye msuli haifiki ikiwa safi, ina kelele ndani yake, yaani makosa madogo madogo yasiyotabirika, na amri ikiwa kubwa kelele nayo inakuwa kubwa. Ukiukurupusha mkono kwa nguvu nyingi umeupa na kelele nyingi, utatua pembeni ya ulipotaka. Sasa tafuta namna ya kufika kwa muda ule ule ila kutua kwako kusitawanyike, hesabu inakupa mwendo laini wenye kengele bila wewe kutaja neno ulaini popote. Yaani ulaini unakuja wenyewe kama matokeo ya kutaka kufika pale ulipokusudia ukiwa na mwili ambao hauaminiki asilimia mia. Na faida yake inaeleweka hata bila hesabu, ukikosa kikombe chai inamwagika.

Kwanini nikiharakisha nakosea?

Ni ile ile kelele, plasi muda wa kujirekebisha unakosekana. Robert Woodworth aliliona hili tangu 1899. Aliwachoresha watu mistari kwa penseli kwa kufuata mdundo, macho wazi na macho yamefumbwa. Wakienda polepole, wenye macho wazi wanakuwa sahihi zaidi kwa mbali. Mdundo ukiwa wa haraka sana macho hayana msaada tena, aliyefumba na aliyefumbua wanakosea karibu sawa. Akasema safari ya mkono ina vipande viwili, msukumo wa kwanza uliopangwa kabla, alafu marekebisho ya mwishoni ukishakaribia.

Paul Fitts mwaka 1954 akaliwekea fomula. Muda wa kufika unategemea umbali ukigawanya kwa upana wa shabaha, sio umbali peke yake, kwa hiyo ukiongeza umbali mara mbili na shabaha ukaipanua mara mbili, muda unabaki karibu ule ule. Watu wanaotengeneza programu za simu na kompyuta wanaitumia mpaka leo. Ndo maana kitufe kidogo kilichowekwa kona ya mbali na dole gumba kinakukera, sio kwamba wewe ni mzembe.

Viungo vyote hivi, ubongo unachaguaje kipi kifanye nini?

Hesabu kwanza. Bega lina namna 3 za kuzunguka, kiwiko 1, kigasha kujigeuza 1, kifundo cha mkono 2. Jumla 7, na bado hujagusa vidole. Kuweka kiganja mahali fulani kikiangalia upande fulani kunahitaji 6 tu. Kwa hiyo kuna ziada, na ziada maana yake ni kwamba kila kikombe kina njia zisizo na idadi za kukifikia. Shika ukingo wa meza alafu nyanyua na kushusha kiwiko bila kuachia meza, umeiona hiyo ziada kwa macho.

Aliyelisema tatizo hili kwa sauti kubwa ni Mrusi Nikolai Bernstein. Miaka ya 1920 alikuwa Taasisi Kuu ya Kazi pale Moscow, serikali ya Kisovieti ilitaka kujua mfanyakazi afanyeje ili azalishe zaidi, na Bernstein akapewa mafundi wanaogonga patasi kwa nyundo. Akawafunga taa ndogo kwenye viungo na kwenye nyundo, akawapiga picha wakiwa wanagonga. Matumaini ya wakubwa yalikuwa kupata ule mpigo mmoja sahihi ambao kila mfanyakazi afundishwe. Picha zikaonyesha fundi mzoefu harudii mpigo hata siku moja, bega leo limefanya hivi, kiwiko kimefanya vile, mpigo unaofuata vimebadilishana, ila ncha ya nyundo inafika pale pale. Viungo vinafidiana. Kimoja kikizidisha kingine kinapunguza.

Huyu jamaa baadaye alipoteza kazi yake, mawazo yake hayakuendana na ya mwanasayansi Ivan Pavlov na kipindi kile Urusi hilo lilikuwa kosa kubwa. Alifariki 1966 na nje ya nchi yake watu ndo kwanza walikuwa wanaanza kumsoma. Mimi naona katika wote waliotajwa kwenye ukurasa huu yeye ndo aliona mbali kuliko wengine, tena akiwa na taa na kamera tu.

Njia ya mkono wangu hairudii sawa sawa kila nikifanya. Ni ugonjwa?

Hapana. Emanuel Todorov na Michael Jordan (sio yule wa mpira wa kikapu) mwaka 2002 walionyesha kwa hesabu kwamba hivyo ndo inavyotakiwa kuwa. Ubongo ukirekebisha kila kosa unapoteza nguvu na unaongeza kelele, kwa hiyo unarekebisha yale tu yanayoharibu lengo na mengine unayaacha yapite. Ukitaka kukipata kikombe, haijalishi kiwiko kimepita sentimita mbili juu au chini. Ukipitisha uzi kwenye tundu la sindano ndo utaona milimita moja inapiganiwa.

Nikichora yai kwa haraka naona kalamu inapunguza mwendo yenyewe kwenye zile ncha. Kwanini?

Umeona vizuri. Francesco Lacquaniti, Carlo Terzuolo na Paolo Viviani walilipima hili mwaka 1983. Njia ikijikunja sana kasi inashuka, ikinyooka kasi inapanda, na uhusiano wake unashikika kwa kanuni moja: kwenye mkunjo uliobana mara 8 zaidi, kasi inashuka mpaka nusu. Dereva wa daladala anapunguza kwenye kona ili asipinduke, lakini mkono wako haupinduki, na hata ukijilazimisha kuchora yai kwa kasi ile ile mwanzo mwisho utashindwa au utaharibu yai. Harris na Wolpert wanasema ni kelele tena, kukata kona kwa kasi kunataka nguvu kubwa na nguvu kubwa inakutoa kwenye mstari. Wengine wanasema sehemu ya jibu iko kwenye misuli na uzito wa mkono wenyewe, unapunguza makali ya kila amri hata kabla ubongo haujasema lolote. Nadhani wote wana haki kidogo.

Kuna la ziada kwenye uchoraji. Chora duara dogo, alafu chora kubwa mara tatu. Muda hauongezeki mara tatu, unaongezeka kidogo tu, mkono unaongeza kasi wenyewe. Hili liliandikwa Ufaransa tangu miaka ya 1890.

Mwili wenyewe, yaani uzito na mifupa, una mchango gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkono mmoja mzima, kuanzia begani, ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ananing'iniza kilo 3 kila upande na hazisikii.

Tatizo la kwanza ni kwamba vipande vimeungana, ukirusha kigasha mbele kinalisukuma bega nyuma, ukizungusha bega kigasha kinatupwa hata kama misuli ya kiwiko haijafanya kitu. John Hollerbach na Flash walipiga hesabu za nguvu hizi mwaka 1982 wakakuta sio za kupuuzia hata kidogo. Kwa hiyo ili kiwiko kitulie tu wakati bega linazunguka, misuli ya kiwiko inabidi ifanye kazi, tena ianze mapema kabla hilo sukumo halijafika. Ukikaa ukalifikiria hili utaelewa kwanini mstari mnyoofu ni kazi kubwa kuliko upinde.

La pili, mkono sio mzito sawa kila upande. Kusogeza kiganja kwa kuzungusha kiwiko tu ni kwepesi, kusogeza kwa kufuata urefu wa kigasha unabeba na mkono wa juu pia, yaani kipande cha begani hadi kiwiko. James Gordon, Maria Felice Ghilardi na Claude Ghez walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wakisogeza mkono bila kuuona, upande mwepesi wanachomoka zaidi na upande mzito wanaanza taratibu, mpangilio wa makosa unafuata umbo la uzito wa mkono.

La tatu ni mvutano wa dunia. Safari ya kupanda na ya kushuka hazifanani hata kama umbali ni ule ule, ya kupanda inafika kilele cha kasi mapema zaidi. Na safari nyingi za wima zinapinda wazi wazi, Christopher Atkeson na Hollerbach waliliandika 1985. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mkono siku zote unapita mstari mnyoofu mwambie aache, unyoofu unaonekana zaidi juu ya meza, na hata hapo safari ya kutoka pembeni kuja mbele ya mwili ina tumbo kidogo.

Umeme ukikatika katikati ya msosi tonge bado linafika mdomoni. Macho yana kazi gani basi?

Tonge linafika kwa sababu ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kuvutika kwake, ndo vinavyokwambia mkono uko wapi hata gizani. Watu waliozaliwa vipofu nao wanasogeza mkono kwa njia karibu nyoofu, kwa hiyo macho sio mwalimu pekee wa unyoofu.

Ila macho yanajua kikombe kiko wapi, na vihisio vya misuli havijui. Na yote mawili yanachelewa. Kuvutika kwa msuli kunajibiwa na uti wa mgongo ndani ya milisekunde 25 hadi 50, jibu la akili zaidi linalopitia ubongoni linaanza kama milisekunde 50 hadi 100, na kitu ulichokiona kinachukua zaidi ya milisekunde 100 kabla mkono haujabadili njia. Safari nzima ya kuchukua kikombe inaweza kuwa nusu sekunde. Ukisubiri habari zirudi ndo uamue, kila amri itakuwa inajibu mambo yaliyoshapita, mkono utayumba huku na huku. Ubongo unakwepa hilo kwa kutabiri, unajua umetuma amri gani na unakadiria mkono utakuwa wapi kabla habari hazijafika.

Kuna watu wachache sana ambao ugonjwa umewaua neva za hisia ukaziacha neva za misuli, nguvu wanazo ila hawajui viungo viko wapi. Mmoja wao, wa Uingereza, ugonjwa ulimpata akiwa na miaka 19, hisia zikapotea kutoka shingoni kushuka, na akajifunza upya kila mwendo kwa kuuangalia, taa zikizimika anaanguka. Robert Sainburg na wenzake waliwaomba watu wa aina hii waigize kukata mkate kwa kisu, mkono uende na kurudi kwenye mstari ule ule. Kwa mtu wa kawaida mstari wa kwenda na wa kurudi unalaliana. Kwao njia ilifumuka pale mkono ulipogeuka, bega na kiwiko havikugeuka pamoja, kwa sababu zile nguvu za kipande kusukuma kipande kingine hawakuweza kuzipinga kwa wakati.

Na ubongo mdogo wa kisogoni?

Huo unaitwa mdogo kwa saizi tu, kati ya seli za neva kama bilioni 86 za ubongo mzima, bilioni 69 hivi ziko humo. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni Vita ya Kwanza ya Dunia na alichoandika 1917 bado kinafundishwa. Hawakupooza. Ila mkono unapitiliza shabaha, unarudi, unapitiliza tena, unatetemeka zaidi kadri unavyokaribia, na wengine wanavunja mwendo vipande vipande, bega kwanza, kiwiko baadaye. Wanaouvunja hivyo wanakwepa kwa akili tu, kiungo kimoja kikienda peke yake kuna nguvu chache za kukadiria. Inalingana na wazo kwamba utabiri tuliousema juu unakaa hapo kwa sehemu kubwa. Kipimo cha daktari cha gusa pua yako gusa kidole changu kinatafuta hilo. Pombe nayo inapenda kuanzia hapo.

Mtoto anazaliwa anajua?

Hajui. Anaanza kufikia vitu kwa makusudi karibu na miezi 4, na njia ni ya kona kona, mkono unaenda unasita unabadili uelekeo unaenda tena. Miezi inavyopita vile vipande vinapungua na njia inanyooka. Mwache ashike, aangushe, ashike tena.

Mwandiko wangu kwenye daftari na ubaoni unafanana, wakati misuli ni tofauti kabisa. Inakuwaje?

Swali zuri na walimu ndo wanaoliona kila siku. Kwenye daftari unaandika kwa vidole na kifundo, ubaoni unaandika kwa bega na kiwiko, na bado mtu anajua hii ni "g" ya mwalimu fulani. Bernstein na Mmarekani Karl Lashley waliliona wote. Inaelekea ubongo unatunza umbo la njia juu juu, sio orodha ya misuli, na kazi ya kulitafsiri umbo kwa viungo vilivyopo inafanyika baadaye. Jibu la nani anapanga nini, kiganja au viungo, lina msaada mkubwa hapa.

Mkono wangu wa kushoto ni mbovu?

Ni tofauti, sio mbovu. Kwa anayetumia kulia, mkono wa kulia unazimudu vizuri zaidi zile nguvu za vipande kusukumana kwa hiyo njia yake inanyooka zaidi. Wa kushoto mara nyingi uko vizuri katika kutulia mahali na kushikilia. Angalia mtu anavyomenya chungwa, nani anashikilia na nani anatembea.

Kiharusi na Parkinson vinaharibu nini kwenye njia?

Vinaharibu vitu tofauti. Baada ya kiharusi mwendo mmoja unakatika kuwa vimwendo vidogo vingi, kasi inapanda inashuka inapanda, hakuna kengele moja. Hermano Igo Krebs na Hogan walitumia roboti ya MIT inayoshika mkono wa mgonjwa mazoezini wakaona kwamba mtu anavyopona vile vimwendo vinaongezeka ukubwa na kuanza kulaliana mpaka vinaungana. Kwa fiziotherapia hiyo ni habari ya kutumia, unaweza kuona mabadiliko kwenye njia kabla mgonjwa hajaweza kushika kijiko.

Ugonjwa wa Parkinson tatizo lake ni upolepole. Njia inaweza kuwa imenyooka vizuri tu lakini ndogo na ya polepole, mwandiko unaanza wa kawaida unazidi kuwa mdogo mpaka mwisho wa mstari. Pietro Mazzoni na wenzake 2007 walionyesha kwamba wagonjwa wanaweza kwenda haraka wakilazimika, na usahihi wao kwenye kasi hiyo ni mzuri, ila wanahitaji kusukumwa zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo usimwambie mzee ni mvivu.

Kuna mtu amewahi kuiona njia ikiwa bado iko ndani ya ubongo?

Apostolos Georgopoulos, Mgiriki aliyekuwa Marekani, alirekodi seli za neva za nyani wakisogeza mpini kuelekea taa 8 zilizopangwa kwa duara. Mwaka 1982 akaonyesha kila seli ina upande wake inaoupenda, inalia zaidi, yaani inatoa mapigo mengi zaidi ya umeme, mkono ukienda huko, inapungua taratibu kadri uelekeo unavyokwenda mbali. Seli moja haikwambii kitu cha uhakika. Ila mwaka 1986 alijumlisha kura za seli nyingi, kila moja ikivuta upande wake, na jumla ikaelekea kule mkono ulikokuwa unakwenda, tena kabla mkono haujaanza.

Mabishano kama seli hizo zinabeba uelekeo wa mkono au nguvu ya misuli bado yapo. Waliotaka kuzitumia hawakusubiri yaishe. Mwaka 2011 mwanamke Mmarekani ambaye kiharusi kilimpooza mikono na miguu karibu miaka 15 kabla, akiwa na kipande kidogo cha elektrodi, yaani visindano vya kunasa umeme wa neva, kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, aliongoza mkono wa roboti kwa kuwaza kusogeza wa kwake, ukaichukua chupa ya kahawa, ukamletea mdomoni, akanywa kwa mrija. Ule mkono wa roboti haukuwa na haraka wala usahihi wa mkono wa kawaida.